SABUNI YA NYUMBANI: TUTAOKOA PESA KWELI?



Kila mama wa Gusii anaujua udongo wetu. Ni udongo mzuri, mwekundu, unatupatia ndizi, chai na wimbi, lakini ukishaingia kwenye soksi ya mtoto wa shule wakati wa mvua, kuutoa ni vita. Ongeza utomvu wa ndizi kwenye shati la baba, na weusi wa majani chai kwenye mikono ya koti la kuvunia, ndipo utaelewa kwa nini nyumba yenye watoto wanne watano inamaliza mche wa sabuni mara moja. Na sabuni haingoji mwisho wa mwezi. Ikiisha Jumanne inatakiwa Jumanne, hata kama pesa ya chai bado.

Kwa hivyo si ajabu vikundi vingi, kutoka Ogembo na Kenyenya hadi Keroka na Nyansiongo, vimejaribu kujitengenezea sabuni. Wakati wa korona mwaka 2020, kila mtu alipoambiwa anawe mikono, vikundi vilivyochanganya sabuni ya maji viliongezeka mno. Vingine vinaendelea hadi leo. Vingine vilikufa kimya kimya, mitungi imebaki stoo na deni limebaki kwenye kitabu. Ukichunguza vile vilivyokufa, mara nyingi utaona watu walijua kukoroga ila hawakupiga hesabu.

Mgeni akija kwetu anasikia habari za jiwe la sabuni la Tabaka, naye anadhani Kisii tumebarikiwa sabuni inayochimbwa ardhini! Jiwe lile ni la kuchonga tu. Limeitwa hivyo kwa sababu linateleza mkononi. Litakupa kibao kizuri cha kuwekea sabuni, lakini sabuni yenyewe itabidi uipate kwingine.

KWA NINI BEI INAPANDA

Sabuni ya kipande ni mafuta yaliyogeuzwa. Viwanda vyetu hutumia zaidi mafuta ya mawese, na mengi ya mafuta hayo huja kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Hivyo dola ikipanda, sabuni inapanda pale Daraja Mbili. Mwezi wa Aprili 2022 Indonesia ilizuia mafuta yake ya mawese yasitoke nchini, ikaja kuyaachilia mwezi wa Mei. Mnakumbuka mwaka ule mafuta ya kupikia na sabuni vilivyopanda pamoja kama ndugu wawili. Ni ndugu kweli, mama yao ni mmoja.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Ukinunua mafuta ya kupikia dukani uyageuze sabuni, umenunua kitu kile kile kwa bei ya rejareja, ukaongeza kuni na jasho lako. Hutaokoa hata ndururu. Sabuni ya nyumbani inalipa tu kama mafuta umeyapata kwa bei rahisi: shahamu ya ng'ombe kutoka kwa bucha au kichinjio, au mafuta yaliyokwisha kukaangia mandazi na chipsi.

Hebu tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka za soko lako. Tuseme shahamu iliyosafishwa inakugharimu shilingi 100 kwa kilo. Kilo 5 ni shilingi 500. Kostiki soda gramu 650, ikiwa kilo ni shilingi 250, ni kama shilingi 163. Kuni weka 100. Jumla shilingi 763. Mchanganyiko huo ukikauka vizuri utapata sabuni zaidi ya kilo 6 kidogo. Gawanya kwa 6: kila kilo imekusimamia shilingi 127. Sasa tuseme ulitumia mafuta ya dukani ya shilingi 300 kwa kilo. Jumla inakuwa shilingi 1,763, na kilo moja ya sabuni ni shilingi 294. Nenda dukani uulize kilo ya sabuni ya kipande ni ngapi, kisha uamue mwenyewe.

Watu huuliza kuhusu maparachichi, kwa vile msimu ukifika yanaoza chini ya miti. Mafuta yake yanafaa sabuni, ndiyo, lakini kuyakamua kwa mkono ni kazi ya siku nzima kwa kikombe kimoja. Tena ukishayapata, ni heri uyauze ya kupaka mwilini kuliko kuyafulia suruali.

SODA MBILI AMBAZO SI MOJA

Hapa naomba tusikilizane vizuri.

Kuna magadi, na kuna soda ashi ambayo hutengenezwa kwa magadi. Hii inatoka kwetu Kenya, Ziwa Magadi kule Kajiado, ambako kampuni imeichimba tangu mwaka 1911. Soda ashi inalainisha maji na kulegeza mafuta kwenye nguo. Inakausha mikono, na si ya kuchezea, lakini haigeuzi mafuta kuwa sabuni ngumu kwa njia tunayotaka.

Halafu kuna kostiki soda. Hii ndiyo inayogeuza mafuta kuwa sabuni, nayo ni moto bila mwali. Inakula nyama ya mwili. Ikiingia jichoni inaweza kulipofusha. Ikimezwa inaunguza koo na bomba la chakula, na hata mtu akipona anaweza kubaki hawezi kumeza ugali maisha yake yote.

Na tazama jina lenyewe: soda. Mtoto akisikia "usiguse ile soda" anafikiria nini? Anafikiria Krismasi! Kostiki iliyoyeyushwa haina rangi, inafanana na maji. Ikiwekwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, huo ni mtego uliotegewa mtoto wako, au jirani aliyerudi shambani na kiu. Kwa hiyo kikundi kiwe na sheria hii hata kabla ya kununua sufuria: kostiki haiingii kwenye chupa ya kinywaji hata kwa dakika moja, na katika maongezi yenu msiiite soda. Iiteni kostiki. Ikae kwenye mtungi wake wenye kifuniko cha kukaza, umeandikwa SUMU kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, kwenye kabati lenye kufuli. Ufunguo uwe na mtu mmoja anayejulikana.

Siku ya kutengeneza, watoto wasiwepo kabisa. Si kwamba wakae mbali kidogo, wasiwepo. Anayeshika kostiki avae glavu ndefu za mpira, miwani ya kukinga macho, nguo ya mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole. Kandambili hapana. Kazi ifanyike nje, penye hewa, na ndoo mbili za maji safi ziwe karibu kabla hamjaanza.

Ikimrukia mtu ngozini, avue nguo iliyolowa na kumwagia maji mengi papo hapo. Vipande vikavu vikungutwe kwanza. Jicho lioshwe kwa maji yanayotiririka, kope zimefunguliwa, dakika 20 bila kupumzika, kisha hospitali. Msipake ndimu wala siki ati kuua kostiki. Aliyemeza asukutue mdomo, ASITAPISHWE, kwa sababu kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Apelekwe hospitali haraka, na mkebe wa kostiki uende naye daktari auone.

Sisemi haya kuwatisha muache. Wako akina mama waliotengeneza sabuni miaka mingi na vidole vyao vyote wanavyo. Lakini walijifunza kuiheshimu.

JINSI YA KUTENGENEZA SABUNI YA KIPANDE

Kipimo chenyewe ni hiki: kwa kila kilo 1 ya mafuta, kostiki gramu 130 na maji gramu 350 (maji gramu 350 ni sawa na mililita 350). Kipimo hiki kinafaa shahamu, mawese, na mafuta mengi ya kukaangia. Kinaacha mafuta kidogo bila kugeuzwa, na ndivyo tunavyotaka, ili isibaki kostiki ya kuunguza mikono. Mafuta ya nazi yana kipimo kingine, yasiingizwe hapa.

Usipime kwa kijiko, wala kwa gorogoro, wala kwa "mkono wangu unajua". Nunueni mizani ndogo ya jikoni inayoonyesha gramu. Wanachama 15 wakichanga, hakuna atakayeumia. Bila mizani ningewashauri muache kabisa.

Kostiki hununuliwa kwenye maduka ya kemikali mijini. Chagua ile ya vipande vikavu vinavyotembea kwenye mkebe. Ikiwa imeshikamana mabonge, imekunywa unyevu wa hewa na nguvu yake imepungua. Kipimo chako kitakudanganya.

Anza na mafuta. Shahamu ikatwe vipande vidogo, ichemshwe kwenye maji na chumvi kiasi mpaka iyeyuke, ichujwe kwa kitambaa, iachwe ipoe usiku kucha. Asubuhi utakuta bamba jeupe limeelea. Linyanyue, kwangua uchafu ulioshika chini, kisha uliyeyushe tena likauke maji. Mafuta ya mandazi nayo yachujwe, yachemshwe na maji kidogo, yaachwe yatengane. Harufu itapungua ingawa haitaisha yote. Mafuta ya maji maji peke yake hutoa sabuni laini inayoyeyuka upesi kwenye beseni, kwa hiyo changanya nusu kwa nusu na shahamu.

Sasa maji. Maji ya mvua ndiyo bora, na hayo Mungu hajatunyima. Yapime kwenye ndoo ya plastiki ngumu au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini, hizi zetu za kupikia ugali, HAPANA: kostiki inaila na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Mimina kostiki ndani ya maji polepole ukikoroga kwa mwiko mrefu. Usimimine maji juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Mchanganyiko utapata moto wenyewe bila jiko, na utatoa mvuke. Geuza uso, usiuvute. Uache upoe.

Mafuta nayo yawe yameyeyuka lakini si ya moto sana. Ukigusa nje ya vyombo vyote viwili, ukiwa na glavu, visikie joto la uji unaonyweka. Hapo mimina maji ya kostiki ndani ya mafuta, kidogo kidogo, ukikoroga bila kuacha. Mpokezane, maana mkono unachoka. Kwa mwiko inaweza kuchukua nusu saa, pengine saa nzima. Utaona inaanza kuwa nzito kama uji wa wimbi. Ukiinua mwiko na matone yakaacha alama juu kabla ya kuzama, imekuwa tayari. Mimina kwenye kisanduku cha mbao kilichotandikwa kipande safi cha gunia la nailoni, ufunike kwa blanketi kuukuu.

Kesho yake, au kesho kutwa, vaa glavu tena uikate. Bado inaunguza! Wengi hukosea hapa, wanaona imeganda wanadhani imeiva. Panga vipande kivulini penye upepo, vimeachana, kwa wiki 4. Huku kwetu kwenye mvua nyingi na baridi, hasa upande wa Nyansiongo, wiki 6 si nyingi. Sabuni iliyoiva ni ngumu, nyepesi kidogo kuliko mwanzo, na haiishi haraka. Ile inayotumiwa mbichi inakula mikono na inaisha siku mbili, halafu watu wanasema sabuni ya kikundi ni mbaya.

Ikiwa mafuta yamejitenga juu, haikukorogwa vya kutosha. Irudishe kwenye moto mdogo ukoroge upya, glavu mkononi. Ikiwa ina chembe nyeupe ndani na inavunjika kama chaki, kostiki ilizidi. Hiyo msifulie wala msiogee. Iyeyusheni ya kusugulia sakafu ya choo.

Mchanganyo wa kwanza uwe wa kilo 1 tu, wa kujifunzia. Mkishaelewa, fanyeni kilo 5 kwa mara moja: kostiki gramu 650, maji lita 1 na robo tatu.

NA SABUNI YA UNGA JE?

Sisi tunaita kila sabuni ya unga Omo, hata kama pakiti imeandikwa jina lingine. Unga ule wa dukani si sabuni ya mafuta. Hutengenezwa kwa kemikali za viwandani, na nyumbani huwezi kuufanya kutoka mwanzo. Unachoweza kufanya ni unga wako wa aina nyingine: paruza sabuni ya kipande iliyokauka kabisa, uianike ikauke zaidi, kisha uchanganye sehemu 2 za sabuni na sehemu 1 ya soda ashi. Vijiko vitatu vikubwa vyatosha beseni la lita 20. Uyeyushe kwanza kwa maji ya moto kwenye jagi, maana asubuhi ya baridi unga huu hauyeyuki, unabaki mabonge kwenye kola. Usitumie kwa sweta za sufi.

Povu lake ni dogo. Msilalamike. Povu si usafi; viwanda vimetuzoesha kulipenda tu.

Tofauti kubwa iko kwenye maji. Maji yenye chumvichumvi nyingi ya madini, kama ya visima vingine virefu, hukamata sabuni ya mafuta na kuigeuza utando wa kijivu unaoshika nguo. Kupima ni rahisi: tia maji kwenye chupa safi, weka kipande kidogo cha sabuni, utikise. Yakitoa povu zuri ni laini. Yakiwa kama maziwa yaliyoganda, tumia ya mvua kufulia. Nyumba yenye mabati na mfereji mzuri wa paa inaokoa sabuni nyingi kuliko mapishi yoyote niliyoandika hapa.

Kuhusu sabuni ya maji nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hii ni kuchanganya vitu vilivyonunuliwa, na faida yake inategemea umenunua wapi. Kwa lita 20 hivi: Ungerol kilo 1, asidi ya salfoniki nusu kilo, soda ashi kama gramu 80, na chumvi. Yeyusha Ungerol kwa maji ukikoroga taratibu. Kando, mimina asidi kwenye lita 5 za maji, kisha uongeze maji ya soda ashi kidogo kidogo. Yatatoa povu la gesi. Pima kwa karatasi ya litmasi mpaka isionyeshe asidi. Bila kipimo hicho mnauziana asidi. Changanya vyote viwili, ongeza maji, halafu maji ya chumvi polepole mpaka iwe nzito, na hapo USIMAMISHE. Chumvi ikizidi, sabuni inarudi kuwa maji na hakuna dawa rahisi. Asidi hii nayo inaunguza, glavu na miwani ni zile zile. Tengenezeni ya kutosha mwezi mmoja tu, kwani bila dawa ya kuihifadhi huanza kunuka.

KAMA MNATAKA KUUZA

Kutengeneza ya kutumia nyumbani na kugawana kwenye kikundi ni jambo moja. Kupeleka dukani ni jingine. Sheria ya Kenya inataka bidhaa kama sabuni iwe na alama ya ubora ya Kenya Bureau of Standards kabla ya kuuzwa, na kutumia pakiti au jina la kampuni nyingine ni kosa ambalo linaweza kuwapeleka kortini. Kwa maoni yangu, kikundi kifanye mwaka mzima cha matumizi yake tu. Kila mwanachama alipe kilo yake kwa bei ya gharama na kidogo juu, pesa iingie kwenye mfuko wa kikundi. Mkiona kila mtu anairudia bila kulazimishwa, hapo nendeni mkaulize habari za alama.

Msikope ili kuanza. Wazee wetu walikuwa na egesangio, leo shamba langu kesho lako, na kazi hii inafaa mtindo huo: mmoja analeta shahamu, mwingine kuni, mwingine mizani. Wekeni kitabu. Kila mchanganyo uandikwe tarehe, aina ya mafuta, gramu za kostiki, nani alipima, na siku itakapokuwa imeiva. Vipande viandikwe tarehe hiyo hiyo kwa msumari vikiwa vibichi, ili asitokee mtu wa kuchukua vya wiki moja akidhani ni vya mwezi.

Maji ya kuoshea vyombo vya kostiki yasimwagwe karibu na chemchemi wala mtoni, bali kwenye shimo mbali na mboga. Na mkebe wa kostiki ukiisha, usioshwe ukatumika kubebea maziwa wala kupimia unga. Utobolewe, uzikwe.